Mama Alivyoshuka na Magauni Matano

Sanduku la safari likifunguliwa ndani ya nyumba, likatoa ile harufu ya sabuni ya kipande, udi na plastiki mpya, mimi hurudi kuwa na miaka tisa. Nasimama tena kando ya barabara pale Misigiri, kwetu Singida, sielewi kitu. Nami si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo, lakini siku ile bado inanishinda.

Mama alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani nilipokuwa na miaka minne. Baba alishafariki, kwa hiyo nilibaki na Bibi, mama yake mama. Uso wa mama niliujua kwa picha moja: mwanamke mwembamba, shingo ndefu, anacheka kidogo. Sauti yake niliijua kwa simu ya mzee wa dukani, jirani yetu. Kabla ya kuja likizo aliniahidi raba zenye taa kisiginoni, zile zinazowaka ukikanyaga. Bibi alinisimamisha juu ya karatasi ya daftari, akauchora mguu wangu kwa mkaa, akaongeza upana wa kidole mbele, maana mtoto, alisema, haombi ruhusa ya kukua. Karatasi ikapelekwa na msafiri. Habari za taa zikaenea darasani, na mwenezaji, nikiri tu, nilikuwa mimi.

Basi la Dar lilifika jua likiwa kali, msimu ule wa kiangazi ambapo hata kuku hutembea mdomo wazi. Akashuka mwanamke mnene, mnene hasa, mikono haigusi ubavu, jasho linamtiririka. Na sweta amevaa. Bibi akapiga vigelegele. Mimi nilichungulia nyuma yake, nikingoja yule mwembamba naye ashuke. Mlango wa basi ukafungwa.

Bibi alinisukuma mgongoni, nikatoa shikamoo kama ninavyomwamkia mgeni yeyote. Yule mwanamke akanikumbatia kwa nguvu. Alikuwa laini kama godoro, ila kitu kigumu mfukoni mwake kilinichoma mbavuni. Baadaye nilijua ni vijiko.

Nyumbani watu walishajaa. Bibi alichinja jogoo, akitania kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Mbele kabisa, miguu ameinyoosha mkekani, alikaa Shangazi Halima, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyekuwa akitangaza kwamba mama akishaonja Uarabuni atasahau watu, na wa kwanza kusahauliwa watakuwa wakwe. Kwetu anayetoka mbali hugawa zawadi hadharani, na kila mmoja hupima amekumbukwa kwa kiasi gani. Mkono mtupu haulambwi, tena siku hiyo walambaji walikuwa wengi.

Sanduku likaisha upesi. Wengi walikuwa hawajapata, shangazi akiwa mmoja wao, na nilimwona anaanza kukunja miguu. Ndipo mama akasimama, akavua sweta, akampa mzee wa dukani. Kisha akavua gauni la zambarau, akalikung'uta, akampa Shangazi Halima kwa mikono miwili. Akaomba radhi kwa jasho. Alieleza kwamba uwanja wa ndege mzani ulilikataa sanduku lake, akaambiwa alipie uzito uliozidi au apunguze, na hela hakuwa nayo. Kilichozidi alikivaa.

Chini ya zambarau kulikuwa na kijani. Chini ya kijani, maua. Chini ya maua, bluu. Wanawake walicheka hadi machozi, wakimsaidia kufungua vifungo. Mimi nilikuwa naogopa. Kila gauni likitoka mwanamke anapungua, na nikaamini kwamba wakiendelea hivyo hatabaki mtu. Alibaki yule wa kwenye picha, shingo ndefu, ndani ya gauni la tano lililochakaa. Sikujua nimwamkie upya au ile shikamoo ya barabarani ilitosha wote wawili.

Mifuko ikatoa vijiko na vitambaa. Mkeka ukabaki mweupe, nami bado nasubiri.

"Na viatu vyangu?" nikauliza.

Mama akanishika mkono. "Nimeviacha uwanjani, mwanangu. Wewe ni wangu, tutaelewana."

Hatukuelewana. Shangazi aliyemsema vibaya miaka mitano amepata zambarau. Mimi niliyemwombea kila siku nimepata maneno. Kama kuwa wake ndiko huko, nilifikiri, heri ningekuwa mkwe. Nilikuwa na hasira, na aibu ya kurudi darasani peku. Mwezi mzima sikumwita mama. Nilimpa shikamoo asubuhi, na kwa Bibi nilimtaja kama "yule". Aliitikia marahaba, akaendelea kunisuka nywele. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni mwa basi hadi konda akamhimiza mara mbili. Nilijua anasubiri neno gani. Nikatazama matairi.

Nilikua, nikaanza kumwita mama, lakini swali sikulimaliza. Mwaka huu, nikitoka masomoni nje, mzani ulinikataa mimi. Nilipiga magoti sakafuni, sanduku wazi mbele ya foleni nzima. Kitenge cha mama mkwe sikukigusa. Vikombe vya wifi sikuvigusa. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye gari la kuchezea la mwanangu, boksi kubwa nililomwahidi, na nilikuwa nimeshalitoa nusu kabla sijajiuliza kwa nini. Kati ya watu wote waliokuwa wakinisubiri, ni yeye tu ambaye sikumwogopa. Mama naye alichagua hivyo, akaniamini mimi kuliko wote, na mimi nikamnyima neno moja.

Nililia palepale, watu wakinizunguka na matoroli yao. Nikampigia mama simu. Nikamweleza kilo zilizozidi, na kwamba nalitoa gari la mtoto.

Akauliza, "Kuna changu humo?"

Kulikuwa na blanketi zito, la upepo wa Singida, ambalo nilikuwa nimemchagulia kwa wiki mbili. Nikamwambia kipo.

"Basi toa changu."

Nilitoa. Hadi leo hajaniuliza kilikuwa nini.