Kimo cha Shamba la Baba

Ujanani baba alimbebea mpima ardhi mmoja vifaa vyake, na walipoagana akapewa barometa ndogo, saa ya mshale inayoonyesha kimo cha mahali kwa uzito wa hewa. Mwezi mzima, mvua au jua, aliisoma kila asubuhi pale kwetu Githongo, akaandika daftarini, akatafuta wastani. Kisha akapaka kwa rangi nyeupe kwenye tangi la maji: FUTI 5,940. Mgeni hakuonja chai kabla hajaelezwa kimo cha shamba letu la kahawa. Sisi watoto tulijificha jikoni kwa aibu.

Nilipoajiriwa Embu kurusha maputo ya hali ya hewa, nikajiona mjuaji wa wajuaji. Likizo moja nikaenda nyumbani na kifaa cha akiba, kile kidogo kinachoning'inia chini ya puto na kupima mgandamizo wa hewa. Nikakiweka juu ya tangi, nikakisoma kwenye kompyuta mara moja tu. Kilisema tuko chini kwa futi mia mbili. Basi nikamwambia baba, mbele ya majirani, kwamba alikosea. Halafu nikachukua brashi, nikafuta namba yake na kuandika yangu. Kimbelembele gani kile!

Hakubishana. Nimeitwa jina la mama yake, kwa hivyo alizoea kuniita mama.

"Sawa, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu siku hiyo hakumtajia mgeni kimo. Aliyeuliza aliambiwa amngoje binti yake.

Baba alifariki kabla ya mavuno ya kahawa. Baada ya mazishi nilirudi kazini, nikatoa kile kifaa mkobani nikirudishe kabatini. Sasa, kifaa chochote kikikaa sana hupotoka, ndiyo maana kabla ya kukitumia tunakilinganisha na barometa ya kituo. Ni kazi ya dakika chache, nami likizo ile niliiruka kwa haraka ya kuwahi gari la Meru la kwenda nyumbani. Siku hiyo nikakilinganisha. Kilikuwa kimepotoka kwa futi zile zile mia mbili. Nilikaa sakafuni nikalia.

Namba ya baba imerudi kwenye tangi. Nikipata mgeni humweleza habari yake kabla ya chai, ila siwezi kuisimulia kama yeye. Namkumbuka sana baba, jamani. Natamani asimame pale tangini aanze upya, tangu asubuhi ya kwanza, nami nisiende kujificha jikoni.