Mtu Niliyemwacha Nje ya Daftari

Mwaka ule Nkende nzima ilinuka udongo mbichi. Kila ua ulikuwa na shimo la kukandia tope, na wanawake walishinda humo na miguu myekundu hadi magotini, kwa sababu kila mwenye kipande cha ardhi alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Kabla ya hapo tulikuwa pembeni mwa mji wa Tarime, si mji wala si kijiji: maboma machache ya Wakurya waliojuana hadi majina ya ng'ombe, migomba, ulezi, na nyumba moja ya bati ambayo watu waliitumia kuelekezana njia. Kisha dhahabu ya Nyamongo ikavuma. Wakaja Wajaluo na Wakisii kupitia Sirari, wakaja Wasukuma, wakaja Waikoma na Wanata kutoka Serengeti, na wote walihitaji mahali pa kulaza ubavu siku ambazo hawako machimboni. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wenyeji tulipona haraka. Baba yangu alipeleka ng'ombe wake kwa mdogo wake, akaligawa zizi kuwa vyumba vinne. Mvua iliponyesha wapangaji walilalamika kwamba vyumba vinanuka ng'ombe, naye akawajibu kwamba ng'ombe wenyewe hawakuwahi kulalamika.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi iliyokuwa nyepesi wakati nyumba kumi zilikuwa kumi kweli. Sasa nyumba moja ilikuwa na watu wa lugha nne na hakuna aliyejua nani katoka wapi, kwa hiyo akaambiwa aandike kila mkazi kwenye daftari: jina, kwao, chumba anachokaa na kazi anayofanya. Baba alijua kusoma, ila kuandika kulimtoa jasho kuliko kulima. Mimi nilikuwa darasa la nne na mwandiko wangu ulisifiwa, basi daftari likawa langu. Tulizunguka naye mlango kwa mlango, yeye akiuliza, mimi nikiandika nikiwa nimekunja uso kama mtu mzima. Nilijiona mkubwa sana. Hata watoto waliozoea kunichokoza walianza kunisemesha kwa adabu, maana walidhani nikiwakasirikia nitawafuta.

Aliyeharibu furaha hiyo ni bibi, mama yake baba, aliyekaa nasi na ambaye hakuipenda kazi ile hata kidogo. Kwake watu hawahesabiwi. Ukimuuliza mama wa Kikurya wa rika lake ana watoto wangapi, alikujibu tu kwamba wapo, na ukimshikilia sana alitaja idadi pungufu, kwa sababu hesabu ikitimia inakuwa kama umefunga mzigo na kumwachia mwenye kuubeba. Ng'ombe walikuwa hivyo hivyo. Mchungaji aliwajua kwa rangi na kwa pembe, akamjua aliyepotea bila kuhesabu. Baba alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani na serikali haiwezi kuandika "wapo". Bibi hakubishana naye. Alinisubiri mimi nikiwa jikoni nachochea moto, akaniambia kwa sauti ya chini kama anayenielekeza namna ya kusonga ugali. "Andika wote, lakini mmoja mwache nje. Kifo kikija kuhesabu, kimkose."

Sikuhitaji kufikiri nimwache nani. Katika chumba cha tatu cha lile zizi alikaa Mwita, kijana mrefu kutoka Machochwe, kule kwenye mpaka wa hifadhi ambako tembo wakishuka mtu analala njaa mwaka mzima. Alikuja kuchimba ili amjengee mama yake nyumba ya bati. Mwita alikuwa mwanamume wa kwanza niliyemwona akibeba ndoo ya maji. Aliniona nimeelemewa njiani, akaichukua, akaiweka begani mbele ya watu. Wanawake walimcheka, wakamuuliza ataolewa lini, naye akawajibu kwamba anasubiri posa. Tangu siku hiyo aliniita karani. Nilimpenda kama kaka ambaye sikuzaliwa naye, na nilipofika kwenye chumba cha tatu nikaandika majina ya wenzake wawili, yeye nikamruka. Baba hakukagua. Jioni moja kabla jua halijazama Mwita alinikuta nimelikumbatia daftari kibarazani, akachuchumaa mbele yangu.

"Karani, umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Vizuri. Mtu wa kuja akiandikwa, hata akipata shida anatafutwa."

Nilitabasamu. Nilijua nimempa kitu bora kuliko wino, ila siri ya mtungi aijuaye kata, nikanyamaza.

Wakati wa mavuno baba alivuka mpaka kwenda Migori kumzika dada yake aliyekuwa ameolewa huko. Wiki hiyo hiyo Mwita alimuaga mama, akasema anakwenda Machochwe kumsaidia mama yake kuvuna, na kwamba angepitia machimboni kwanza kuchukua mgawo wake wa mawe ya dhahabu. Siku mbili baadaye habari ikaja kwamba duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, limetitia na watu wamo ndani. Machimboni watu walijuana kwa majina ya utani tu, na wengine waliingia bila kumuaga mtu, kwa hiyo hakuna aliyejua hasa waliomo ni akina nani. Wachimbaji wakamtuma mzee mmoja apite mitaani kwa mabalozi kuuliza nani hajarudi. Kwetu mama alimpa daftari. Akasimama uani akisoma jina moja moja, na kila jina likajibiwa: yupo, yupo, huyu amekwenda Musoma, huyu hatujamwona. Akafika chumba cha tatu, akasoma majina mawili, akageuza ukurasa.

Sitajisamehe nilichokihisi pale. Nilifurahi. Mama aliamini Mwita keshafika Machochwe, nami niliamini hivyo hivyo, na bado nilisimama nyuma ya mlango nikiona kwa macho yangu yale aliyoyasema bibi: kifo kimeingia uani kwetu, kinasoma majina, na mtu wangu kimempita. Wawili ambao hawakuonekana Nkende walifukuliwa siku ya pili, mmoja mzima amevunjika mguu, mwingine amekufa. Mitaa mingine nayo ikawapata watu wake. Kwa kuwa orodha zilikuwa zimekwisha na kuta zilikuwa bado zinamomonyoka, wachimbaji waliacha kufukua.

Siku ya tano alifika mama mmoja mwembamba amejifunga kanga kiunoni, akauliza kwa Kikurya kama hapa ndipo anapokaa Mwita wa Machochwe, maana mahindi yanaoza shambani na mwanawe hajaonekana. Mama yangu akakumbuka kwamba Mwita alisema atapitia machimboni, akatoka mbio kuita watu. Wanaume wa mtaa wakaenda machimboni wakafukua tena, wakamkuta pembeni kabisa, kwenye kichumba ambacho hakikuporomoka. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, viatu amevivua na kuvipanga vizuri, dumu lake la maji likiwa tupu. Waliomtoa walizungumza wakidhani watoto hatusikii. Walisema huyu hakufa siku ya kwanza, wala ya pili.

Baba aliporudi alilifungua daftari kwenye ukurasa wetu, akakitazama chumba cha tatu, kisha akanitazama mimi. Hakunipiga wala hakuniuliza. Alilichukua, na tangu siku ile akawa anaandika mwenyewe kwa herufi zake zilizopinda, jasho likimtoka. Bibi aliniambia tu kwamba kumbe kifo hakisomi. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu huyo amekua pamoja nami, tumesoma pamoja, tumeolewa pamoja.

Leo ukipita Nkende hutaamini kwamba palikuwa na mazizi. Kuna kuta za matofali, mageti, maduka ya vipuri na bodaboda wamejipanga kila kona. Mtu anapanga chumba kwa simu, analipa kwa simu, na anahama mwenye nyumba hajawahi kumwona uso. Watu wamezidi mara nyingi, wanaojuana wamepungua, na sijui kama huko ni kuendelea au ni kuchoka. Mimi ni mwalimu huko Issenye, Serengeti. Mwaka jana nilipanda bodaboda hadi Machochwe, nikamkuta mama yake Mwita, mzee sasa, anachambua maharage mbele ya nyumba ya nyasi. Nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha, nikamweleza yote, kuanzia maneno ya bibi hadi furaha yangu nyuma ya mlango. Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi nilikuwa namwacha. Kila nilipoulizwa nina watoto wangapi nilitaja hawa wengine, yeye nikamficha, kwa kuwa ndiye niliyemhofia zaidi."

Tulilia pamoja, bila haya. Kisha akafanya jambo ambalo mama wa rika lake hafanyi: akaniuliza wangu ni wangapi. Ninao watatu. Nina shahada, ninafundisha hesabu, nimeyaona niliyoyaona, na bado kwa miaka yote, kwenye fomu za kazini, kwa majirani, hata kwa karani wa sensa aliyesimama mlangoni pangu, nimekuwa nikisema wawili, nikimwacha kitindamimba.

"Watatu," nilimjibu, nikamtajia majina yao mmoja baada ya mwingine, na la mwisho lilinitoka kwa shida.