Jina Alilochagua Jagruti

Jagruti hakuwa mtu wa kumwomba kaka yake kitu. Safari hii aliomba kimoja tu: siku ya sita baada ya uzazi ikifika, yeye ndiye ampe mtoto jina. Na hata hilo halikuwa la kuombwa. Kwao Gujarat, India, jina hutolewa na shangazi, dada wa baba, hata awe mgomvi wa kijiji kizima. Ukiona mtu anaomba haki yake mwenyewe, jua mambo yameshaharibika.

Kaka yake Kalpesh na mkewe Nayna walikuwa wamepoteza mimba nne. Daktari akawakalisha wote watatu, wao na Jagruti, akawachorea kwenye karatasi. Kuna mwanamke anayembebea mwenzake mimba kwa kutoa yai lake mwenyewe; mtoto huyo ni damu yake. Na kuna anayepandikiziwa kiinitete cha yai la mke na mbegu ya mume. Yeye hutoa mji wa mimba tu.

"Kwa kaka na dada, hiyo ya kwanza haisemeki," daktari alisema. "Yenu ni ya pili."

Jagruti, mfugaji wa nyati wawili wa maziwa, alielewa palepale. Akakubali kubeba. Mumewe, aliyekuwa akisugua almasi kiwandani mjini Surat, naye akaridhia. Kazi ilikuwa kwa mama yake, Savita.

"Yai ni la Nayna, mama. Mimi ni chungu tu, mchuzi ni wao."

"Mimi nimekuelewa, mwanangu. Sasa nisimame kwenye foleni ya kuuza maziwa nimweleze kila mmbea habari za chungu? Watasema umezaa na kaka yako! Na binti yako Urvi ataolewa na nani?"

Basi wakaficha. Jagruti akapangiwa chumba mjini Anand, Urvi akaachwa kwa bibi yake mzaa baba, majirani wakaambiwa mama mtu kamfuata mumewe. Mwezi wa saba, kwenye sherehe ya mimba, Nayna akafungwa mto tumboni aonekane mjamzito, wanawake wakammiminia mchele na nazi mapajani, wakaimba. Jagruti aliyaona kwenye simu, mtoto akimpiga mateke mbavuni. Iliuma, tusidanganyane.

Akazaliwa mvulana. Kalpesh alilia kama mtoto. "Dada, siku ya sita njoo. Jina ni lako."

Kuhani akatoa herufi za nyota ya mtoto, ambazo jina lazima lianze na mojawapo. Jagruti akachagua jina, akalifungia moyoni, kwa kuwa jina halitajwi kabla ya siku yake. Siku ya sita akajitanda shali pana, akapanda basi na kijinguo alichokishona mwenyewe. Mama yake alimzuia mlangoni kwa Kalpesh.

"Jitazame! Tumbo halijashuka, blauzi imelowa maziwa. Kijiji kizima kimo humu ndani!"

"Mimi ndiye shangazi yake, mama."

"Unatembea kama mzazi. Wakikuona hivi, huyu mtoto ataitwa mwana haramu mpaka kaburini. Ndivyo unavyotaka?"

Hakutaka. Kalpesh akachungulia, akamwona, akainamisha macho, akarudi ndani. Ni mtu mwema, lakini wema wake siku hiyo haukumfikisha mlangoni.

Wakamtoa Hetal, binti wa baba yao mdogo, awe shangazi badala yake. Watoto wanne wakashika ncha za kitambaa, wakambembeza mtoto ndani yake.

"Bhargav!" Hetal akapaza sauti, na nyumba nzima ikashangilia.

Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakamshuka Jagruti, pale mlangoni, mpaka kiunoni. Akamkabidhi mama yake kijinguo, akaondoka.

Alipofika nyumbani kwake, Urvi, mwenye miaka tisa, alimrukia shingoni.

"Mama! Bibi kasema umeenda kwenye jina! Umemwitaje?"

Jagruti akakaa kizingitini. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine.

"Dhruvin," alisema.

"Dhruvin," Urvi akarudia, akatabasamu. "Zuri! Nikimwona tu nitamwita hivyo."

"Hapana, mwanangu," Jagruti alisema. "Wewe mwite Bhargav."