Mama wa Mbwara Asoma Mapafu

Juzi hospitalini Kibiti, kitanda cha pili kutoka changu, mzee mmoja mahututi alifungwa mkanda wenye nyaya kifuani. Bila kumchoma popote, skrini ikaonyesha damu inavyopita mapafuni, kwa rangi ya buluu. Mkewe, mkulima wa mpunga kutoka Mbwara, akakodoa macho.

"Mwanangu daktari, huku kushoto maji hayajafika."

"Ni damu, mama. Kuna bonge limeziba. Tumempa dawa ya kuliyeyusha."

Mama akakaa akiitazama skrini kama anayesubiri mto upande shambani. Adhuhuri akaruka. "Yanaingia!"

Daktari akaja mbio. Kweli, kushoto kote buluu, na mzee anapumua vizuri.

"Mama, umesomea wapi?"

"Bondeni, baba."

Nami msomi, tangu asubuhi nilidhani ni televisheni mbovu.