Baba Alivyoisubiri Laptopu ya Umbo Jipya

Baba yangu aliidharau laptopu yangu tangu siku ya kwanza, na sababu yake ilikuwa moja tu: haikuwa na sura. "Hili si ni sanduku la mkaguzi?" alisema, akaligonga kwa kucha. Nilikasirika. Nilikuwa nimefungua ofisi ya kuchapa pale Newala mjini, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na sikumwita aje kunikosoa mbele ya wateja. Lakini baba hakuwa na dogo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavaa miwani, akaikagua ile mashine mpaka mgongoni, halafu akatoa hukumu kwamba kampuni iliyoitengeneza ina mafundi wazuri ila haina mshonaji.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana niliudhika. Nyeusi tii, kona nne kali, kifuniko bapa. Nilihitaji laptopu kwa sababu umeme wetu wakati ule ulikuwa unakuja unavyojisikia, na betri ndiyo iliyoniokoa nikiwa katikati ya muhtasari wa mkutano wa wakulima au kadi za mchango wa harusi. Aliyekuwa akininunulia ni kaka yangu wa Dar es Salaam, na kaka akishapenda kitu, amependa. Chapa ileile kila mara. Ya kwanza ilipokufa kwa vumbi letu jekundu, pamoja na unga wa salfa wa kupulizia mikorosho, ambao wakulima waliniletea kwenye mikono ya mashati yao, akanitumia toleo jipya. Nikafungua boksi. Nyeusi tii, kona nne. Hiyo nayo ikachoka, akatuma toleo jipya zaidi, eti lina kasi ya ajabu. Nyeusi tii, kona nne! Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Hapa lazima nimweleze baba, la sivyo mtamwona mtu wa vioja tu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika, na ile miaka ya uhaba aliimeza nzimanzima. Sabuni ilikuwa ya aina moja, ikipatikana. Baiskeli aina moja. Viatu vyake vya harusi vilikuwa pacha na viatu vya wanaume wengine watatu waliooa mwaka ule, na picha zipo. Halafu mambo yakalegezwa, soko likafunguliwa, maduka ya Masasi yakajaa chupa za chai zenye maua, redio zenye taa za kuwakawaka, ndala za rangi ambazo hata jina hazina. Wazee wenzake walibishana kuhusu wanunuzi binafsi wa korosho. Baba alizungumzia chupa za chai. Alikuwa anashuka Masasi kwenda kutazama tu, anarudi jioni mikono mitupu, uso umemng'aa.

Kwa hiyo laptopu yangu ilimuudhi kwelikweli. "Watu hawa wana fedha, wana mashine, hakuna anayewazuia," alikuwa akisema. "Wanatengenezaje kitu kilekile miaka nenda rudi, kama wako kwenye foleni ya kibali?" Na kila kaka alipopiga simu, swali la kwanza la baba halikuwa la wajukuu. Lilikuwa: "Wamebadilisha umbo?"

Kisha macho yake yakaanza kumtoroka. Alianza kwa kugonga miimo ya milango. Akafuata kumimina chai pembeni ya kikombe, huku akidai kikombe kimesogezwa. Nikampeleka Masasi, hospitali ya Mkomaindo, na daktari akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Matone ya dawa yangechelewesha upofu, labda mwaka, labda zaidi, ila yasingeuzuia. Nilitoka nikalia nyuma ya jengo, nikanawa uso bombani, nikarudi nikamkuta baba amekaa kwenye benchi anasubiri, kofia mapajani.

"Basi hao watu wa laptopu wafanye haraka," alisema. "Nataka niione ikiwa na sura kabla sijafungiwa duka."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu mwingine angetamani kuiona Makka, au bahari. Baba alisema wajukuu amekwisha wakariri wote, shamba analijua kwa miguu, na kilichobaki duniani ambacho hajakiona na anakitaka ni hicho. Kibaya zaidi, nami nikaanza kukitaka. Nikawa naomba usiku, mimi mwanamke mzima, kampuni ya nchi za mbali ibadilishe kifuniko.

Tukawaandikia barua. Baba aliitamka kwa sauti ya karani, mimi nachapa kwenye mashine ileile tuliyokuwa tunaishtaki. "Yah: Maombi ya Kubadilishiwa Umbo la Laptopu." Alisifia kwanza uimara, akaja kwenye rangi, akaja kwenye kona, akamalizia kwamba mwombaji ana sababu za kiafya za kuomba jambo hili lishughulikiwe mapema. Kaka aliifikisha barua kwa wakala wao Dar. Jibu halikuja. Alichotuma kaka baadaye ni kipeperushi cha toleo linalotarajiwa, kikiwa kimetolewa fotokopi. Baba alikisogeza puani, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Na hii nyeusi," alisema, sauti imemwishia.

"Baba, hiyo ni fotokopi! Hata bibi harusi anatoka mweusi."

Alicheka, lakini alikikunja kile kikaratasi akakirudisha bila kukitazama tena.

Wiki hiyo ndipo alipokuja shangazi kutoka Mnyambe. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ni kungwi. Amewacheza unyago wasichana wengi kuliko anaoweza kuwahesabu, na ana jibu la kila kitu. Alimsikia mdogo wake akinung'unika juu ya mashine isiyobadilika, akashangaa watu wazima tunalalamikia nini.

"Kwani msichana anabadilika mwenyewe?" aliuliza. "Anachezwa. Anapakwa mafuta, anavikwa, anapewa jina jipya, anatolewa nje watu wamwone. Ninyi mmeifanyia nini hii zaidi ya kuigongagonga?"

Nikacheka, nikamwachia ofisi, nikaenda kutafuta karatasi za kuchapia. Sikukaa hata nusu saa. Nikiwa bado barabarani nikasikia vigelegele vinatoka dirishani kwangu.

Lo! Laptopu ilikuwa imetolewa nje. Ilikuwa imekaa ndani ya ungo, juu ya meza, imefunikwa kanga mpya nyekundu yenye pindo la njano, shanga zimezungushwa kwenye kifuniko. Wateja wangu wanne, wanawake wa Makote waliokuja kuchapisha barua ya kikundi chao, walikuwa wanapiga makofi na kucheza. Baba alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye nafasi ya mzazi wa mwali, mgongo wima.

"Naiona!" akaniambia. "Naona nyekundu, mama! Na njano kule pembeni!"

Alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu Mkomaindo, nami nikajikuta napiga kigelegele kama mwendawazimu. Tena kirefu. Nikasogea kumfunua mwali. Alikuwa anang'aa. Anang'aa kupita kiasi. Nikagusa, kidole kikateleza.

"Shangazi, umeipaka nini?"

"Mafuta ya nyonyo. Sasa ningeipaka nini?"

"Wapi na wapi?"

"Mwili mzima. Mwali hapakwi nusu."

Mwili mzima maana yake ni mwili mzima. Kwenye matundu ya pembeni, chini ya betri, na katikati ya kila herufi, kwa unyoya wa kuku, ili isibakie hata nafasi kavu. Niliiwasha. Ikawaka kidogo, ikaonyesha mistari, ikatoa harufu ya chipsi, ikazima moja kwa moja. Nilisema maneno ambayo mtu hasemi mbele ya dada wa baba yake, na mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. Shangazi wala hakutikisika. Alifunga kanga yake akauliza ni mwali gani huyu anayekufa kwa mafuta. Baba alikuwa ameinamia magoti, mbavu hana.

Kaka alifoka kwenye simu kwa lugha zote anazozijua, kisha akaahidi nyingine. Nami nikawa nachapa kwa taipureta ya kuazima, vidole vinaniuma, kila nikipiga herufi namkumbuka shangazi. Mvua zikaingia, barabara ya kusini ikakatika, mabasi yakalala njiani. Tukasubiri. Na macho ya baba hayakusubiri. Nyekundu ilikwenda, njano ikafuata, na mvua zilipokatika alichobaki nacho ni kujua mlango uko upande gani kwa mwanga wake.

Kipindi hicho sote tulimgeukia tukawa asali. Majirani, wajukuu, hata mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka stendi. Amevaa shati ndani nje, tunamwambia limempendeza. Mboga imeungua, tunamwambia tamu. Alikuwa anaitikia "haya" tu. Nilidhani anafarijika.

Boksi lilifika kwa basi asubuhi moja. Nikamwita baba ofisini, nikamkalisha, nikakata gundi, nikatoa sponji za kukingia, nikaitoa laptopu. Nikaigeuza mara mbili.

"Mbona kimya?" baba akauliza. "Ileile?"

"Imebadilika, baba." Wamebadilisha! Miaka yote hiyo, na walipobadilisha wamechelewa kwa msimu mmoja wa mvua. Nilitaka kuibamiza ukutani. "Nzuri sana, baba. Inapendeza mno."

Hakujongea. Mikono yake ilibaki magotini.

"Siku hizi kila kitu ni kizuri," alisema. "Shati zuri. Mboga nzuri. Mama, nimepoteza macho, sijapoteza akili. Kama ni ileile sema ni ileile, tunywe chai."

Hakuniamini. Neno alilolingoja kwa muda wote ule lilikuwa limefika, na aliyelileta ni mwongo anayejulikana. Nikaiweka laptopu mapajani pake. Vidole vyake vikatambaa pembeni, vikafika kwenye kona, vikakosa ncha, vikasimama. Vikaenda ya pili. Ya tatu.

"Kona wamezila," alisema polepole. "Rangi?"

Nikafungua mdomo kusema nzuri, nikaufunga. Nikaitazama ile mashine kwa mara ya kwanza bila huruma.

"Rangi ya sufuria."

"Sufuria mpya au ya shughuli?"

"Mpya. Haijaona moto."

"Endelea."

"Herufi wameziweka kwenye vibonyezo vyeupe. Vyeupe, baba! Na vumbi letu hili! Wiki mbili tu vitakuwa kama meno ya mvuta kiko." Hasira zilikuwa zinapanda sasa, na kwa kweli zilinipa raha. "Na juu ya kifuniko wamechora mstari wa bluu. Umepinda kwa makusudi, eti urembo. Mbaya! Mbaya hata kuusimulia. Tumesubiri miaka yote hiyo, baba, wametuletea treya ya soda!"

Baba alirusha kichwa nyuma akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha ghalani, cha kusikika nje, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni naye akaanza kucheka bila kujua kitu.

"Hapo sasa!" alisema, akapigapiga kifuniko kwa kiganja. "Hapo sasa nimeiona. Na huo mstari unaanzia wapi?"

Machozi yalikuwa yananitiririka, nikayaacha. Nikamshika kidole, nikakiweka pale unapoanzia, tukaufuata mpaka mwisho, mimi nikiutukana njia nzima.