Vidole vya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa akikausha samaki kwa moshi kule Majanji, ufukweni mwa ziwa upande wa Uganda, tangu mimi sijazaliwa. Sangara wakiwa juu ya moto, aliwageuza kwa vidole vitupu. Aliyetumia kijiti alimcheka usoni. Ndiyo ilikuwa fahari yake, na ndiyo iliyommaliza.

Ilipotangazwa kwamba kila laini ya simu ihakikiwe kwa alama za vidole, la sivyo ifungwe, nilimpeleka mimi mwenyewe Busia mjini. Rohoni alikuwa na jambo moja tu. Mwanawe wa pekee alikuwa Uarabuni akilinda maghala, na alimpigia kila Jumapili kwa namba zinazobadilika-badilika. Sisi hatukuwa na namba ya kumpata. Yeye alikuwa na moja tu ya huku, ya mama yake.

Kijana wa mashine akamshika kidole, akakibonyeza kwenye kioo. Taa nyekundu. Akajaribu kingine. Nyekundu. "Mama, nawa." Akanawa. "Mama, paka mafuta." Akapaka. Mwishowe kijana akacheka: "Mama, kwani wewe uko kweli?" Foleni nzima ikaangua kicheko, nao ni majirani waliolelewa na samaki wa vidole hivyo hivyo. Nyoko zao! Tukatumwa Tororo, kwenye mashine kubwa, nayo ikamkataa vilevile; moto ulikuwa umekwisha kuzila alama zote. Laini ikafungwa.

Mwanamke huyu alivuka mpaka wa Kenya maisha yake yote kwa njia za panya, beseni kichwani, na askari hawakumuuliza yeye ni nani kwa sababu walimjua. Uhuru wetu ulikuwa huo, kujulikana na watu. Askari unaweza kumbembeleza, kumlilia, hata kumtukana akaona aibu. Kioo utakitukana mpaka lini? Na bado tunapanga foleni wenyewe, tumevaa nguo za kanisani, tunaita maendeleo. Mimi nasema tumerogwa.

Namba yake ikapewa mtu mwingine. Mwanawe alipopiga, akapokea mwanamke tusiyemjua, akamwita "mwanangu", akajifanya mgonjwa, akamla alichokuwa nacho mpaka kijana akashtuka. Tangu hapo hakupiga tena.

Miezi ikapita. Siku moja mwanawe akanipigia mimi. Namba yangu aliipata kwa rafiki yake wa Busia ya upande wa Kenya, akaanza kunieleza yote hayo. Sikumngoja amalize. Nilikimbia na simu mpaka kwenye moto wa Shangazi, nalia kwa furaha kama mjinga, nikafungua sauti.

"Mwanangu," Shangazi akasema. "Mimi hapa niko."

Kisha sauti kavu ikatoka: "Yule mwingine pia alisema hivyo. Kama wewe ni mama yangu, niambie niliungua wapi nikiwa mdogo."

Kovu lile hata mimi nalijua. Ni bega la kushoto, alipoangukia moto huo huo, na ni Shangazi aliyemtoa kwa mikono yake.

"Sema, Shangazi!" nikamsukuma. "Sema bega!"

Akaitazama simu, akavitazama vidole vyake. Kisha akanirudishia ile simu.

"Mwambie mama yake alikufa," akasema, akaendelea kugeuza samaki.