Bi Ndoo agombea na kompyuta kazi ya kuwa roboti

Saa mbili na nusu asubuhi dunia imeshaangamia, na mwanamke wa miaka hamsini na moja anatafuta kitambaa cha kufutia ndoo.

Ndoo yenyewe ni ya plastiki, ya bluu, ya lita ishirini. Anaifuta ndani, anainusa, anaridhika. Kisha anaigeuza juu chini na kujivika kichwani mpaka mabegani. Kwa mbele imekatwa kidirisha cha kuonea. Humo ndani kinaning'inia kipaza sauti kidogo, waya wake umepitishwa kwenye tundu lililotobolewa kitakoni mwa ndoo.

"Binti, usiogope," anasema.

Inayotoka kwenye spika si sauti yake tena. Ni sauti ya chuma, nzito na ya taratibu, ya kitu kikubwa ambacho kimejifunza upole.

Kwenye skrini, roboti mwenye kutu anamfunika mtoto wa kike kwa turubai. Nyuma yao ni mji uliobaki kuta. Hii ni katuni kutoka Japani. Katika hadithi yake watu wote wameangamia vitani isipokuwa binti huyo, na mashine zote zimezimika isipokuwa roboti huyo. Kwa Kiswahili roboti anaitwa Bati, na sauti ya Bati ni ya mama huyu, ambaye studio nzima inamwita Bi Ndoo.

Pembeni yake amesimama mwanamke mnene mwenye miwani, mwenye wajukuu wanne. Huyu ndiye binti wa miaka saba.

"Bati, usiniache," analia kwa sauti nyembamba inayochoma moyo.

Fundi sauti anazima mtambo. Mwanamke mwenye miwani anageuka hapo hapo.

"Wifi, jana umenirudishia sufuria ina masizi. Hii hapa, nimekuja nayo uione."

"Na wewe ulinipa ina tundu," ndoo inajibu.

Hawa ni mawifi kweli. Bi Ndoo ameolewa na kaka wa mwenye miwani, na nyumba zao zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, ambao wote wawili wanasema ni mwembamba mno.

Bi Ndoo hakuja hapa kuigiza. Alikuja kufagia. Studio ni vyumba viwili juu ya duka la vioo, na kuta zake zimepigiliwa magodoro ili kelele za mtaani zisiingie. Kazi ya Bati alikuwa amepewa mwanamume mwenye sauti ya radi. Lakini kila fundi alipoipitisha radi hiyo kwenye mtambo ili iwe ya kichuma, ilitoka kama mbu.

Siku moja Bi Ndoo alikuwa anasugua ndoo yake ya kudekia, kichwa kimezama humo ndani, huku akiimba wimbo wa kumshukuru Mungu.

"Nilidondosha hedifoni," anakumbuka fundi sauti. "Nilidhani roboti ameokoka."

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Bi Ndoo alikuwa anasoma kwa kuhesabu herufi, na katuni haimsubiri mtu. Akajiandikisha masomo ya jioni, darasa la watu wazima. Anasema aliomba kwa machozi apewe macho mepesi, akapewa.

"Sasa mwalimu akiniinua nisome, darasa zima linapiga kelele, 'Soma kwa Bati! Soma kwa Bati!' Na mwalimu naye ananyamaza, anasubiri nianze."

Wifi yake aliingia kwa mlango mwingine. Alifika studio siku moja kudai ufunguo wa nyumba ambao Bi Ndoo alikuwa ameondoka nao. Akasimama mlangoni akilalamika kwa sauti ya juu, bila kupumua. Meneja akatoka ofisini akauliza yule mtoto anayelia ni wa nani.

Kabla ya kurekodi, Bi Ndoo husali. Husali akiwa ndani ya ndoo, kwa sababu, anasema, ni mahali pekee ambapo hakuna anayemwita. Sala hiyo ndiyo iliyoleta balaa la sehemu ya sita.

Katika sehemu hiyo Bati anapanda kilima na kuutazama mji ulioteketea. Katika katuni ya asili hasemi neno. Siku ya kurekodi, fundi alikuwa amewasha mtambo mapema kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi hakusikiliza tena, maana pale palikuwa na kimya, na kimya hakihitaji kukaguliwa. Basi katuni ikaruka hewani, na roboti, peke yake katika dunia isiyo na watu, akasikika akinong'ona:

"Ee Mwenyezi Mungu, nipe subira na wifi yangu. Umlainishe ulimi."

Simu za watazamaji zilipigwa mpaka usiku. Wengi waliuliza kama watu wote wamekufa, huyo wifi wa roboti amejificha wapi. Wengine waliitikia amina na kukata simu. Mlinzi wa mlango wa chini bado humuuliza Bi Ndoo kila asubuhi kama ulimi umelainika.

"Tulikuwa mezani, familia nzima," anasema wifi mtu. "Watoto, wajukuu, mpaka wageni. Roboti ananisema kwa Mungu!"

"Nilikuwa nakuombea."

"Uliniombea au ulinishtaki?"

Kwa siku kadhaa mawifi hao hawakusemezana, isipokuwa mbele ya kipaza sauti. Huko Bati alimbeba binti mgongoni kuvuka daraja lililokatika, na binti akamwambia kwamba yeye ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Mtambo ukizimwa, kila mmoja alitazama godoro lake la ukutani.

Leo inarekodiwa sehemu ya mwisho. Na leo kuna mgeni.

Mgeni amekaa mezani, ni kompyuta nyembamba ya kijivu. Meneja, mwanamume mpole anayeomba radhi kabla hajakosea, ameilisha sauti zote za Bati tangu mwanzo. Onyesho la mwisho litarekodiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ndoo na mara ya pili kwa kompyuta. Itakayoshinda ndiyo itakayokuwa Bati katika msimu wa pili.

"Haikohoi, haiendi msibani, haichelewi," anasema. "Samahani, mama."

Bi Ndoo anakaa juu ya ndoo yake na kufikiri.

"Nimeona mtu ananyang'anywa kazi na jirani, na hata na mdogo wake wa tumbo moja," anasema. "Lakini mimi roboti ananinyang'anya kazi ya kuwa roboti. Nikamshtaki wapi?"

Ataendelea kufagia, hilo ameahidiwa. Hilo silo linalomuuma.

"Ufagio nauheshimu, umenilelea watoto. Lakini ukishika ufagio watu wanakupita. Nikiwa Bati, wananyamaza wanisikilize. Nimeanza kunyamaziwa nikiwa na miaka hamsini, baba. Mapema hivi nirudi?"

Wanaanza. Kwenye skrini taa ya kifuani mwa Bati inafifia. Binti ameushika mkono wa chuma. Bi Ndoo anasali, safari hii kimya kabisa, kisha anasema, "Binti, usiogope. Nitapumzika kido..." na ndoo inapiga chafya.

"Simama!" anaita fundi. "Mama, Bati hana pua."

"Najua. Mimi ninayo."

Wanarudia. Bi Ndoo analia, na kilio cha ndani ya ndoo ni kama maji yanayogoma kushuka kwenye sinki. Wanarudia tena. Meneja anaangalia saa, anaomba radhi, na kuelekea kwenye kompyuta.

"Binti, usiogope," inasema kompyuta. "Nitapumzika kidogo."

Ni Bati yule yule, hakuna chafya wala kamasi. Anayepiga makofi wa kwanza ni Bi Ndoo mwenyewe.

"Anasema vizuri. Mungu ambariki."

"Mama, ni kompyuta," anasema fundi.

"Hata hivyo."

Sasa ni zamu ya binti kulia. Mwenye miwani anafungua mdomo. "Bati, usiniache," anasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji.

"Lia, mama," fundi anamsihi.

Anajaribu tena. Safari hii tangazo linakuwa la kukatika kwa umeme. Anavua miwani, anaifuta, anaitazama spika juu mpaka chini.

"Nimlilie nani? Hiki hakinijui. Hakijaniudhi hata siku moja. Nitamliliaje mtu ambaye hajawahi kuniudhi?"

Meneja anaomba radhi, kwa niaba ya kompyuta.

"Huyu mwenye ndoo," anaendelea, akinyoosha kidole bila kumtazama wifi yake, "nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita. Sufuria zangu zote kaziunguza. Akisema anazimika, mimi nawaza, sasa nitagombana na nani? Hapo ndipo machozi yanakuja. Hiki chenu kikizimika, mimi naenda kulala."

Kisha anaiokota ndoo mwenyewe, anaifuta ndani kwa upindo wa kanga yake, na kumvika Bi Ndoo kichwani kama anayemvika bibi harusi.

"Ingia, wifi. Na pua yako hiyo hiyo."

Taa ya Bati inafifia. "Binti, usiogope. Nitapumzika kidogo," inasema ndoo, na mwishoni inavuta kamasi. Kinachofuata hakimo kwenye karatasi. Bibi wa wajukuu wanne analia mpaka mlinzi, aliyepanda juu kuuliza gari la nani limeziba mlango, anasahau alichokuja kuuliza na kujifuta macho kwa kofia.

"Na lile la kamasi?" meneja anauliza kwa upole.

"Tutasema bomba lake linavuja," anasema fundi. "Ni roboti mzee."

Kabla ya saa ya chakula uamuzi umeshatoka. Bati atabaki ndooni. Kompyuta nayo haikutupwa. Katika msimu wa pili kuna jokofu linaloongea, na nafasi hiyo imepewa yenyewe. Bi Ndoo anaikaribia na kuifuta vumbi kwa kile kitambaa cha ndoo.

"Usijali, mwanangu," anaiambia. "Mimi nilianza na ufagio."

Anaitundika ndoo kwenye msumari wa juu, mtu asije akaidekia. Ana mipango miwili, anasema. Wa kwanza ni kumaliza masomo ya jioni. Wa pili ameshamweleza meneja: msimu ujao Bati akiamka, apande tena kile kilima na asali, safari hii kwa makusudi.

"Asali tu," anasema wifi yake, akiichukua sufuria yake. "Lakini asinitaje."

"Nitakutaja kwa mema."

"Mema yapi?"

Bi Ndoo anafunga kilemba chake polepole. Ngazi wanaishuka pamoja, hatua kwa hatua, na wanafika mlango wa chini kabla hajajibu.

"Hilo," anasema, "nitaliombea."